Nambari tasa si tasa hata kidogo

MWALIMU mmoja wa shule ya msingi alinijia majuzi baada ya warsha ya walimu wa Kiswahili. Alikuwa na swali ambalo, kwa maneno yake, lilimkosesha usingizi. Alikuwa akifundisha msamiati wa hisabati. Akaandika ubaoni ‘nambari tasa’, akaeleza kwamba hiyo ni nambari isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, kisha akatoa mifano: 2, 3, 5, 7, 11. Msichana mmoja akainua mkono.

“Mwalimu, kwani tasa si tusi?”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alijua kwamba shangazi anayemlea mtoto yule huitwa hivyo hivyo pale kijijini, tena kwa ile sauti ya chini ambayo watoto huisikia vizuri kuliko watu wazima wanavyodhani.

“Sasa Prof, ningemjibu vipi?” akaniuliza.

Nilimjibu nusunusu kwa kuwa gari lilikuwa linaningoja. Leo, mpenzi msomaji, nataka kulilipa deni lile. Swali la mtoto yule si la adabu pekee. Ni swali la istilahi: tunapoazima neno la maisha ya kila siku na kulipa kazi katika taaluma, neno hilo huja na mizigo gani? Je, linaifaa kazi yenyewe?

Maelezo ya jumla huchosha. Kwa hivyo nitachukua nambari moja tu, kubwa kiasi, niitumie kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nambari yenyewe ni 2,147,483,647.

Kwanza tuitaje

Kabla ya kuichunguza, hebu tuisome kwa sauti. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ina tarakimu kumi. Tutofautishe maneno matatu ambayo wengi huyachanganya. Tarakimu ni alama moja moja, kuanzia 0 hadi 9. Nambari ni ile inayoundwa na tarakimu hizo. Idadi ni wingi wa vitu vinavyohesabiwa. Watanzania husema namba, sisi husema nambari, na hapo hakuna ugomvi.

Sikiliza jina la nambari hiyo na utasikia historia ya pwani yetu. Mbili, moja, nne na tatu ni maneno ya Kibantu. Sita, saba, arobaini, themanini, mia na elfu yametoka Uarabuni. Milioni na bilioni yaliletwa na Wazungu. Lau tungetumia laki, ambayo ni elfu mia moja, tungeongeza Bara Hindi katika orodha hiyo.

Ngeli nazo huwatambua wenyeji na wageni. Twasema mashimo mawili, matatu, manne, matano, manane. Lakini mashimo sita, saba, tisa. Wageni hawa watatu hawakubali kiambishi. Sita ilichukua nafasi ya tandatu, saba ikachukua nafasi ya fungate, na tisa ikaisukuma kando kenda. Fungate haikufa lakini. Imejificha katika arusi, katika zile siku saba za maharusi.

Kuna jambo jingine la kuchunga katika kutaja nambari kubwa. Tuseme mweka hazina wa chama anasimama mkutanoni na kutangaza kwamba zimekusanywa shilingi ‘elfu mia mbili na hamsini’. Je, ni 250,000 au ni 200,050? Kisarufi, zote mbili zinaruhusiwa, na tofauti yake ni shilingi 49,950. Watu wamegombana kwa pungufu ya hizo. Dawa ni kutumia laki, ‘laki mbili na elfu hamsini’, au kutaja kipimo tena: ‘elfu mia mbili, na shilingi hamsini’. Ndiyo maana hapo juu nilituliza sauti kila baada ya kundi la tarakimu tatu. Mkato katika maandishi ni pumzi katika usemi.

Tuiweke katika jamii yake

Nomino zina ngeli, na nambari nazo zina jamii zake. Jamii ya kwanza inayofundishwa shuleni ni ile ya shufwa na witiri. Shufwa hugawika kwa mbili bila baki: 2, 4, 6, 8. Witiri haigawiki hivyo: 1, 3, 5, 7. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, na Mwislamu hayaoni mageni. Sala ya witri hupewa jina hilo kwa sababu rakaa zake ni witiri. Nambari yetu inaishia kwa 7, kwa hivyo ni witiri. Hapo hakuna jasho.

Jamii ya pili ndiyo yenye kizaazaa. Hapa tunauliza: nambari hii ina vigawo vingapi? Kigawo ni nambari inayoigawa nyingine bila kubakisha kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawo vya 13 ni 1 na 13 basi. Nambari yenye vigawo viwili tu, yaani moja na yenyewe, ndiyo tunayoiita tasa.

Tutazame sasa nambari tatu zilizo jirani. Ya kwanza, 2,147,483,646, hupatikana kwa kuzidisha 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ukivipanga vigawo vyake vyote utapata 192. Ya tatu, 2,147,483,648, ni mbili iliyozidishwa kwa mbili tena na tena hadi zikatimia mbili 31. Hiyo ina vigawo 32. Katikati ya majirani hao wenye kaya kubwa amekaa 2,147,483,647, na vigawo vyake ni viwili. Ni tasa.

Utajuaje? Kwa macho huwezi. Jumla ya tarakimu zake ni 46, na 46 haigawiki kwa 3, kwa hivyo na yenyewe haigawiki kwa 3. Haiishii kwa 0 wala 5, kwa hivyo 5 haimo. Ukijaribu 7 hubaki 1. Ukijaribu 11 hubaki 1. Je, utaendelea hadi lini?

Kuna mpaka. Kila nambari ikigawika katika sehemu mbili, sehemu moja lazima iwe ndogo kuliko kipeuo chake cha pili au ilingane nacho. Ukizidisha 46,341 kwa yenyewe unapata 2,147,488,281, ambayo imeshaipita nambari yetu. Kwa hivyo hakuna haja ya kujaribu zaidi ya 46,340. Ndani ya mpaka huo mna nambari tasa takriban 4,800. Hata hivyo, kugawanya mara 4,800 kwa mkono ni adhabu.

Kazi hiyo ilifanywa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyekuwa akiishi St Petersburg, Urusi. Mwaka wa 1772 barua yake kwa mwanahisabati Johann Bernoulli, mjukuu wa yule Johann Bernoulli aliyemfundisha Euler ujanani, ilichapishwa ikieleza kwamba nambari hii ni tasa. Euler alikuwa na miaka kama 65, na macho yake yalikuwa karibu yamezima kabisa. Mimi niko katika miaka ya sitini pia, nina miwani jozi mbili, na bado hesabu ya duka hunishinda.

Euler hakugawanya mara 4,800. Alitumia kanuni iliyotokana na kazi ya Mfaransa Pierre de Fermat, inayosema kwamba kama nambari hii ina kigawo kilicho tasa, basi kigawo hicho kikigawanywa kwa 62 lazima kibakishe 1. Akaongeza sharti jingine: kikigawanywa kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Masharti hayo mawili yakafanya kazi ya chekeche. Pumba zote zikapeperuka, na kati ya zile 4,800 zikabaki takriban themanini tu.

Mwenye kikokotoo anaweza kuanza safari hiyo mwenyewe. Nambari ya kwanza ya kujaribu ni 311. Gawanya: inabaki 35. Inayofuata ni 1,303. Gawanya: inabaki 226. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, kila mara kitabaki kitu. Hakuna inayoingia sawasawa. Kwa zaidi ya miaka sabini baada ya Euler, hii ndiyo iliyokuwa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani.

Tuichezee bao

Labda msomaji anajiuliza kwa nini Euler aliivalia njuga nambari hii na si nyingine. Jibu lake tunaweza kulionyesha kwa kitu ambacho kila mtu wa Lamu au Mombasa anakijua.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32: safu nne, kila safu mashimo manane. Sahau kanuni za mchezo kwa muda. Tia kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na uendelee hivyo, kila shimo likipata maradufu ya lile lililotangulia. (Kete 64 za kawaida hazitakutosha, utahitaji maghala.) Sasa hesabu jumla kila unapofika. Mashimo mawili yana kete 3. Mashimo matatu yana 7. Manne yana 15. Matano yana 31. Kila mara jumla ni pungufu ya moja tu kwa kiasi cha shimo linalofuata.

Ukijaza mashimo 31, ukabakisha shimo moja tupu, jumla ya kete zako ni 2,147,483,647.

Nambari za namna hii, zinazopatikana kwa kuzidisha mbili mara kadhaa kisha kutoa moja, zinaitwa nambari za Mersenne. Marin Mersenne alikuwa mtawa wa Ufaransa. Mwaka wa 1644 alichapisha orodha ya zile alizodhani ni tasa. Orodha ile baadaye iligunduliwa kuwa na makosa, lakini kuhusu 31 alipatia.

Ipo kanuni ndogo hapa. Ili jumla iwe tasa, idadi ya mashimo lazima iwe tasa kwanza. Mashimo 4 hayawezi: 15 ni 3 × 5. Lakini idadi ya mashimo kuwa tasa pekee haitoshi. Jaza mashimo 11 na utapata kete 2,047. Mtu huenda akaapa kwamba hiyo ni tasa, kumbe ni 23 × 89. Ndiyo maana nambari za Mersenne zilizo tasa ni adimu, na nambari yetu ni ya nane tu tangu mwanzo wa orodha. Tena ina ukoo wa ajabu: mashimo 5 yanazaa 31, na mashimo 31 yanazaa 2,147,483,647. Ni tasa, mtoto wa tasa, mjukuu wa tasa.

Umelisikia neno nililolitumia? Nimesema ‘yanazaa’. Hapo ndipo pana kiini cha makala ya leo.

Nani anazaa, nani anazaliwa?

Katika Kiswahili cha hisabati, jibu la kuzidisha huitwa zao. Zao la 3 na 4 ni 12. Neno hili limetokana na kitenzi zaa, kama vile mazao ya shamba. Kwa hivyo lugha yetu yenyewe inatuambia kwamba 3 na 4 ndizo zilizozaa, na 12 ndiyo iliyozaliwa.

Sasa turudi kwa ile tasa. Je, 13 ni nambari isiyozaa? Hapana! 13 inazaa 26 ikikutana na 2, inazaa 39 ikikutana na 3, inazaa 169 ikikutana na nafsi yake. Inazaa bila kikomo. Isichokuwa nacho 13 ni wazazi. Hakuna nambari mbili ndogo kuliko yenyewe zinazoweza kukutana zikaizaa. Yaani nambari tasa ni ile ambayo haikuzaliwa. Haina upungufu wowote wa kuzaa.

Kuna jambo kubwa zaidi. Kila nambari nzima inayozidi moja, ama ni tasa, ama ni zao la nambari tasa, na kila zao lina orodha moja tu ya wazazi hao wa asili. Chukua 60: ni 2 × 2 × 3 × 5. Huwezi kuipata kwa tasa nyingine zozote. Chukua ule mlima wa jirani yetu, 2,147,483,646: wazee wake ni wale niliowataja, na hakuna wengine. Basi nambari tasa ndizo wahenga wa nambari zote. Zilizobaki ni wajukuu na vitukuu.

Wagiriki wa kale waliziita nambari za kwanza. Warumi wakalifasiri neno hilo, na lugha nyingi za Ulaya zingali zinalitumia. Waarabu nao huziita hivyo hivyo, za awali. Wote hao walitazama mahali nambari hizo zinapokaa katika ukoo: mwanzoni. Sisi tulitazama upande mwingine.

Lakini tuwe waungwana kwa waliolibuni neno tasa. Hawakuwa wajinga. Nadhani walitazama kugawanya, si kuzidisha. Ukiigawa 12 unapata sehemu ndogondogo, 3 na 4, 2 na 6. Ni kana kwamba 12 inatoa watoto kutoka tumboni mwake. Ukiigawa 13 haitoi kitu. Kwa jicho hilo, tasa inaeleweka. Tatizo ni kwamba jicho hilo linageuza ukoo juu chini: mjukuu anaitwa mzazi, na mzazi anaitwa mgumba.

Tasa iliyozaa iliyotimilika

Ushahidi mkubwa kuliko wote unatoka kwa nambari yetu yenyewe.

Tangu zamani kuna nambari zinazoheshimiwa ambazo tunaweza kuziita timilifu. Nambari timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ilivyo. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3. Jumlisha, unapata 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Jumlisha, unapata 28. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Nambari nyingi hazina bahati hiyo. Vigawo vya 10 vinajumlisha hadi 8 tu. Vya 12 vinafika 16 na kufurika.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Mgiriki Euclid alionyesha jinsi ya kuzipata. Tumia bao lile lile. Jaza mashimo kwa kuongeza maradufu. Jumla ikiwa tasa, izidishe kwa kiasi kilichomo katika shimo la mwisho ulilolijaza. Mashimo mawili: jumla 3, shimo la mwisho lina 2, zao ni 6. Mashimo matatu: jumla 7, la mwisho lina 4, zao ni 28. Mashimo matano: 31 mara 16, zao ni 496. Miaka mingi baadaye, huyo huyo Euler akathibitisha kwamba kila nambari timilifu iliyo shufwa lazima ipatikane kwa njia hii. Hakuna njia nyingine.

Kwa mashimo 31, zidisha 2,147,483,647 kwa 1,073,741,824. Zao ni 2,305,843,008,139,952,128, nambari timilifu ya nane. Ndiyo kusema, kila nambari timilifu iliyo shufwa ina tasa moja ya Mersenne nyuma yake. Bila tasa hiyo, utimilifu haupo.

Mwaka wa 1811, mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba nambari hiyo timilifu ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Sababu yake? Ati nambari kama hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine. Barlow alikosea mara mbili. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha tasa nyingine ya Mersenne yenye tarakimu 39, na msako haujakoma hadi leo. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa ya Mersenne yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, kubwa kuliko tasa zote zinazojulikana kwa sasa.

Kosa la pili la Barlow ni kuhusu faida.

Imo mfukoni mwako

Kompyuta huhesabu kwa alama mbili tu, sifuri na moja, sawa na shimo tupu na shimo lililojaa. Kwa miaka mingi, mashine nyingi zimekuwa zikihifadhi nambari katika nafasi 32, idadi ile ile ya mashimo ya bao. Nafasi moja hutengwa ili kuonyesha kama nambari ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Zote zikijaa, mashine imefika ukomo wake: 2,147,483,647.

Mwishoni mwa 2014, wimbo Gangnam Style wa PSY, mwanamuziki wa Korea Kusini, ulikaribia kutazamwa mara hizo kwenye YouTube, na kampuni hiyo ikaeleza kwamba imelazimika kukiongezea nafasi kihesabio chake.

Lililo zito zaidi ni saa. Mifumo mingi ya kompyuta hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Ile inayotumia nafasi 32 itafika ukomo Jumanne, Januari 19, 2038. Hapa Nairobi itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, dakika kumi na nne na sekunde saba. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itageuka hasi na kudhani iko Desemba 1901, mwezi uleule reli ilipofika Kisumu. Mafundi wanajua, na mifumo mingi imeshahamishiwa nafasi 64. Lakini ukisikia mashine fulani ya zamani imechanganyikiwa asubuhi hiyo, utajua aliyeijaza ni nani.

Hilo la ukomo lingetokea hata kama nambari ile isingekuwa tasa. Utasa wake una kazi yake. Anza na 1. Izidishe kwa 16,807, kisha ugawe jibu kwa 2,147,483,647 na uchukue baki. Baki hiyo izidishe tena kwa 16,807, ugawe, uchukue baki. Endelea. Utapita katika nambari zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kwa mpangilio ambao macho hayawezi kuubashiri, ndipo urudi kwenye 1. Kwa miaka mingi programu za kompyuta zimetumia njia hii kupata nambari za kubahatisha, kwa michezo na kwa utafiti. Ufanisi wake unategemea utasa wa nambari hii. Mifumo mingi ya kulinda siri katika intaneti nayo hutegemea tasa kubwa zaidi, zenye mamia ya tarakimu, kwa sababu kuzizidisha mbili pamoja ni rahisi ilhali kulirudisha zao kwa wazazi wake ni shida tupu.

Kwa hiyo tasa hii imezaa nambari timilifu na imezaa mifuatano ya mabilioni. Nani mgumba hapa?

Jibu kwa mwalimu

Basi tulifute neno tasa? Sitapendekeza hivyo. Limo kamusini na limo vitabuni. Watoto wa Tanzania wamejifunzia hisabati kwa neno hilo tangu miaka ya sitini, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Istilahi iliyokita mizizi haing’olewi na makala moja ya gazeti. Sisi Wakenya tunaofundisha hisabati kwa Kiingereza hatuna mamlaka ya kuwaamrisha majirani waliofanya kazi tuliyoikwepa. Watoto wetu wengi hulikuta neno hili katika somo la Kiswahili tu, pamoja na akisami, kama vile hisabati ni pambo la sarufi.

Lakini yapo matatu ninayomwomba mwalimu yule, na wenzake.

Kwanza, aanze na maana kabla ya jina. Awape watoto mbegu 12, wazipange safu sawa: tatu za nne nne, mbili za sita sita. Kisha awape 13. Wataona wenyewe kwamba mbegu 13 hukubali safu moja ndefu tu. Wakishaiona tabia hiyo, jina litakuja kama lebo na halitabeba hukumu.

Pili, aeleze kwamba neno likiingia katika taaluma huacha baadhi ya mizigo yake mlangoni. Mzizi wa neno si mzizi wa mti, na kiima hakina uhusiano na nyama ya kima. Vivyo hivyo, tasa ya hisabati haisemi lolote kuhusu binadamu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, awaonyeshe neno zao. Awaulize watoto: kati ya 3, 4 na 12, ni nani aliyezaliwa? Wakishajibu, awaulize: na 13 ilizaliwa na nani? Watanyamaza kidogo. Hapo watakuwa wameifahamu maana ya nambari tasa kuliko wengi wetu tuliokariri fasili yake.

Na mtoto yule aliyeuliza swali? Tasa likitamkwa juu ya mtu kwa kumdunisha, ni tusi, hata likisemwa kwa sauti ya chini, na mwalimu asiogope kusema hivyo mbele ya darasa lililocheka. Kisha amwambie kwamba kuna nambari waliyoibandika jina hilo kwa kuitazama upande mmoja tu. Kumbe nyingine zote zimetokana na za aina yake, na ile kubwa tuliyoichunguza leo ndiyo inayoipata nambari timilifu ya nane. Majina hutolewa na watu, na watu hawaoni pande zote. Mtoto anayelelewa na shangazi yake hatahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo.

Juma lijalo tutazigeukia hizo akisami: kwa nini thuluthi, robo na humusi zilikuja kutoka Uarabuni, na nusu je?